Hospitali Ndogo Katika Janga Kubwa

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa msikitini baada ya Sala ya Alasiri na daktari mstaafu, aliyekuwa mganga mfawidhi wa hospitali moja ya vijijini hapa Tanzania wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19. Tumeichapa kwa faida ya wasomaji wetu. — Mhariri)



Nimeombwa nizungumze juu ya namna hospitali ndogo ya kijijini inavyoendeshwa wakati wa janga la maradhi. Yamkini wengi wenu mnataraji nisimulie habari za ugonjwa wenyewe: jinsi ulivyodhihiri huko China mwishoni mwa mwaka 2019, jinsi Shirika la Afya Duniani lilivyosema tarehe 11 Machi 2020 kwamba sasa ni janga la dunia nzima, na jinsi mgonjwa wa kwanza alivyotangazwa nchini kwetu siku tano baadaye. Hayo mnayajua, na sitawachosha nayo. Nimekuja na jambo moja ambalo watu wengi, hata baadhi ya wakubwa wetu wa kazi, huliona kinyume. Kazi ya kwanza ya hospitali ndogo wakati wa janga ni kuendelea kuwa hospitali. Kupambana na janga lenyewe huja baada ya hapo.

Uchungu wa mama mjamzito haungoji janga lipite. Malaria nayo haiwapi nafasi wageni. Mtoto aliyeishiwa damu, kijana aliyeanguka na pikipiki, mzee mwenye ngiri iliyokwama, wote hao huendelea kuja kama walivyokuja mwaka jana. Wasipokuja, ndugu zangu, msidhani wamepona. Wako nyumbani wanakufa kimya kimya.

Jambo hili lilikwisha kuonekana kabla ya UVIKO. Ebola ilipozikumba Guinea, Liberia na Sierra Leone kuanzia mwaka 2014, watu zaidi ya 11,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Zahanati zilifungwa, wauguzi wakafa au wakakimbia, na wananchi wakaziogopa hospitali kuliko maradhi. Baadaye watafiti walikadiria kwamba vifo vya ziada vilivyotokana na malaria, Ukimwi na kifua kikuu katika nchi hizo tatu, kwa sababu tu ya kukosekana matibabu ya kawaida, vilikaribia kulingana na vile vya Ebola yenyewe. Maana yake ni kwamba msiba ulikuwa wa namna mbili, na wa pili haukutangazwa redioni.

Basi sisi tulipokaa kikao chetu cha kwanza mwezi Machi 2020, pale chini ya mwembe kwa kuwa chumba cha mikutano kilikuwa kidogo, swali tulilojiuliza lilikuwa hili: tufanye nini ili mama mjamzito asiogope kuvuka geti letu?

Jibu la kwanza lilikuwa geti lenyewe. Hospitali zetu nyingi zimejengwa zikiwa na mlango mmoja wa mapokezi, na benchi refu ambalo mwenye kikohozi na mwenye mimba hukaa bega kwa bega. Tulisimamisha turubai nje, tukaweka ndoo za maji tiririka na sabuni, na muuguzi mmoja mwenye barakoa aliyeuliza kila anayeingia maswali machache: una kikohozi, una homa, unapata shida kupumua? Mwenye dalili alipita kushoto, kwenye jengo lililokuwa ghala na tulilolifungua madirisha yote. Asiye na dalili alipita kulia. Upepo ulikuwa dawa yetu ya kwanza na haukutugharimu kitu. Mafundi cherehani wa sokoni walishona barakoa za kitambaa kwa ajili ya wanaosindikiza wagonjwa, nasi tukazitunza zile za kitabibu kwa watumishi. Wakunga wa wodi ya wazazi hawakuhudumu upande wa kushoto hata siku moja. Hilo liliandikwa na kubandikwa ukutani, na akina mama wakalijua. Habari njema nayo hutembea kijijini, ijapokuwa kwa mwendo wa polepole kuliko mbaya.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye suala la oksijeni, kwa sababu hapo ndipo hospitali ndogo hupimwa kweli.

Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Mapafu yakijaa ugonjwa, kiasi hicho hakitoshi, na mgonjwa huhitaji kuongezewa. Watu wa mjini walizungumza sana juu ya mashine za kupumulia, zile zinazoingizwa mrija kooni. Mashine hizo kwetu zisingekuwa na manufaa, maana zinahitaji wataalamu wa kumkalia mgonjwa usiku na mchana, na umeme usiokatika. Tulichohitaji kilikuwa oksijeni tu, ya kutosha na ya uhakika. Na hapo ndipo hesabu ilipotutoa jasho. Mtungi mkubwa, ule unaokaribia mabega ya mtu mzima, hubeba lita 6,800 hivi. Mgonjwa mahututi wa UVIKO anaweza kuhitaji lita 10 kwa dakika, na wakati mwingine 15. Kwa lita 10, mtungi humalizika katika saa 11 na dakika chache. Kwa lita 15, hauvuki saa nane. Yaani mgonjwa mmoja tu hutumia mitungi miwili au mitatu kwa siku moja, ilhali kiwanda cha kuijaza kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa gari, na gari lenyewe ndilo hilo hilo la kubebea wagonjwa!

Ipo njia nyingine, nayo ni mashine inayovuta hewa ya kawaida, ikaichuja nitrojeni, na kutoa oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Haihitaji safari ya kiwandani, bali huhitaji umeme. Nyingi ya mashine hizo hutoa lita 5 kwa dakika. Hii ya lita 5, akipewa mtu mzima mahututi, yote ni yake peke yake na bado haimtoshi. Wakipewa watoto wenye nimonia, ambao kila mmoja huhitaji lita moja au mbili, na mchanga huhitaji chini ya hapo, mashine hiyo hiyo hugawanywa kwa vijirija ikahudumia watoto watatu, hata wanne.

Mnaona mtihani ulipo?

Kabla hajafika mgonjwa hata mmoja tuliweka kanuni, nami nikaitia sahihi: mashine moja ya oksijeni ni ya wodi ya watoto, haitoki humo kwa amri ya mtu yeyote, hata mganga mfawidhi. Mwanzoni mwa mwaka 2021, katika wimbi lile ambalo wengi wenu mnalikumbuka kwa majina ya watu mliowazika, aliletwa kwetu usiku mzee mmoja mwenye heshima kubwa katika eneo lile. Mitungi ilikuwa imebaki mmoja. Tulimwekea huo, tukamlaza kifudifudi, maana kulala hivyo husaidia mapafu kupokea hewa. Jamaa zake waliposikia kwamba ipo mashine nyingine wodi ya watoto walikwenda kuichukua. Walikuwa wanaume wanane. Muuguzi wa zamu, binti ambaye hata miaka 30 hakuwa ameifikisha, alisimama mlangoni akawaambia, "Humu wamo watoto watatu wanaovuta pumzi kwa mashine hii. Chagueni ninyi nani nimchomolee." Wakarudi. Gari lilirejea alfajiri na mitungi, mzee akaendelea nayo siku mbili, kisha akafariki. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Wapo katika jamaa zake ambao mpaka leo hawanipi mkono, nami siwalaumu, kwani msiba una haki yake. Lakini kanuni ile ningeiandika tena leo kwa maneno yale yale.

Naongeza jambo dogo juu ya kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu. Ni kifaa chema sana, kwani ugonjwa huu ulikuwa na tabia ya ajabu: mtu anazungumza, pengine anacheka, kumbe oksijeni yake imeshuka mno. Tuliwafundisha hata walinzi wa geti kukitumia. Ila utafiti uliochapishwa Marekani mwezi Desemba 2020 ulionesha kwamba kwa watu weusi kifaa hicho huweza kusoma juu kuliko ukweli. Basi mgonjwa anayehema kwa taabu asirudishwe nyumbani ati kwa kuwa namba ni nzuri.

Dawa iliyookoa wengi, kwa upande mwingine, tulikuwa nayo siku zote. Mwezi Juni 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba deksamethasoni, miligramu 6 mara moja kwa siku kwa muda usiozidi siku kumi, hupunguza vifo kwa karibu theluthi kwa walio kwenye mashine za kupumulia, na kwa karibu moja ya tano kwa wale wanaopewa oksijeni. Kwa asiyehitaji oksijeni haina faida. Sisi tulikuwa nayo kabatini wodi ya wazazi, maana huwapa nguvu ya mapafu watoto wanaotishia kuzaliwa kabla ya wakati. Ni dawa ya bei ya chini kabisa, na sikumbuki kuona foleni ya watu wakiitafuta kama walivyotafuta vitu vingine visivyofaa.

Nije kwa watumishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walifariki duniani kwa ugonjwa huu. Hospitali ya rufaa ikimpoteza daktari mmoja hulia, kisha huendelea. Hospitali ndogo hufunga chumba. Sisi tulikuwa na mtoa dawa ya usingizi mmoja tu. Akiugua huyo, hakuna upasuaji, na bila upasuaji mama mwenye uzazi pingamizi anakufa pamoja na mtoto wake. Kwa hiyo tulimkataza kuingia kwenye wodi ya waliotengwa, naye alikasirika sana, akiona tunamfanya mwoga mbele ya wenzake. Wengine tuligawanya makundi mawili yasiyokutana: hili likiwa kazini, lile lipo nyumbani, ili ugonjwa usituzoe sote kwa mara moja. Na kitu nilichokisimamia kwa ukali ni kwamba mama anayepiga deki apewe glovu, barakoa na gauni sawasawa na daktari. Mara nyingi wahudumu wa usafi husahauliwa, ilhali ndio wanaogusa kila kitu.

Hapa niruhusuni nirejee jambo mnalolijua kuliko mimi. Mtukufu Mtume s.a.w. alikwisha tufundisha kwamba tauni ikiwa mahali tusipaingie, na ikitukuta tulipo tusipakimbie. Sayyidna Umar r.a. alipofika Sargh akielekea Sham, akapata habari ya tauni, aliurudisha msafara Madina. Naye Abu Ubaida r.a., aliyekuwa amiri wa jeshi huko huko Sham, alibaki na watu wake na akafariki katika tauni ya Amwas. Wakati wa janga lile watu wengi waliitaja nusu ya kwanza ya mafundisho hayo, ile ya kutoingia, nayo ni haki. Lakini wauguzi wangu waliishi katika nusu ya pili. Wengi wao walikuwa wageni wa mahali pale, wangeweza kupanda basi wakaenda kwao. Wawili waliondoka. Waliobaki walilala miezi kadhaa katika madarasa ya shule ya jirani wasije wakawapelekea watoto wao ugonjwa.

Kwa kutaja shule, kuna hasara moja ambayo hakuna aliyeitabiri kwetu, nayo ni damu. Aghalabu damu salama katika nchi yetu hutolewa na wanafunzi wa sekondari, kwa sababu ni vijana wenye afya na wanapatikana pamoja. Shule zilifungwa kuanzia tarehe 17 Machi 2020 na hazikufunguliwa zote mpaka mwishoni mwa Juni. Damu hukaa kwenye jokofu siku 35 hivi, kisha hutupwa. Miezi ile ndiyo ya masika, malaria inapopanda na watoto kuletwa weupe viganja kama karatasi. Jokofu letu la damu lilibaki na chupa mbili. Ndipo imamu wa msikiti wa jirani, baada ya kuombwa, aliposimama siku ya Ijumaa akawaeleza watu kwamba wenye nguvu waje Jumatatu. Walikuja, wakasimama kwa nafasi, mmoja mmoja. Kanisa la ng'ambo ya mto lilisikia, nalo likaleta watu wake wiki iliyofuata. Nadhani watoto wengi zaidi walipona kwa damu ile kuliko kwa chochote tulichofanya katika wodi ya UVIKO.

Kuhusu nyungu nitasema kwa adabu, maana najua wengi mlijifukizia, na baadhi yenu mliona nafuu ya mafua. Mvuke hulegeza makamasi. Hauui virusi vilivyo ndani ya mapafu. Tulichokiomba kwa watu ni mambo mawili tu: mtoto asiwekwe juu ya sufuria inayochemka, kwa kuwa tulipokea waliobabuka, na mgonjwa asichelewe kuja kwa kuwa bado hajamaliza siku zake za kujifukiza. Hatukumcheka mtu. Ukimcheka mgonjwa leo, kesho hatakuja, na ndugu yake hatakuja.

Ilikuwa vigumu zaidi katika kipindi kile ambacho takwimu za taifa hazikutolewa, tangu Mei 2020 kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ugonjwa ulikuwa unaitwa "changamoto ya upumuaji". Watu waliniuliza, "Daktari, upo au haupo?" Mimi si msemaji wa serikali, wala sikuwa na kipimo cha kutosha. Niliwajibu kwa kile nilichokiona kwa macho yangu: wangapi wamelazwa upande wa kushoto leo, wangapi wamo kwenye oksijeni, wangapi wamerudi kwao. Tuliyaandika hayo kwenye ubao pale getini kila asubuhi, bila ya majina. Maoni yangu ni kwamba ubao ule ulijenga imani kuliko mahubiri yoyote. Mwezi Julai 2021 chanjo za kwanza zilipofika nchini, zile za dozi moja zipatazo milioni moja, waliokuja kuchanjwa kwetu mwanzo walikuwa watu waliozoea kuusoma ubao.

Habari ya fedha nitaipita haraka kwa sababu haina utamu. Wagonjwa wa kawaida walipungua, malipo yakapungua nao, madai yetu kwa mfuko mmoja wa bima yalichelewa kwa miezi, na dizeli ya jenereta haikungoja. Tuliuza mbuzi wa hospitali. Ndiyo, hospitali ilikuwa na mbuzi.

Sheikh Mwenyekiti ameniuliza kabla ya kikao juu ya kuosha na kuzika maiti, na ni swali la haki. Kwa UVIKO, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa kwamba maiti kwa kawaida haiambukizi kwa namna watu walivyohofia. Kwa hiyo kuosha kuliwezekana, waoshaji wakiwa wachache na wamevaa kinga. Sisi tuliwapa waoshaji wa misikiti glovu na aproni kutoka stoo yetu ndogo, hatukuwaachia watu wauze uvumi. Lakini msichukue hukumu hiyo mkaipeleka kwenye kila maradhi. Virusi vya Marburg vilitangazwa Kagera mwezi Machi 2023 na tena Januari 2025, wilayani Biharamulo. Huo, kama Ebola, maiti yake ni hatari kupita kiasi, na kuigusa bila ya kinga ni kujitia katika mauti. Mwongozo wa mazishi ya salama na ya heshima uliotolewa mwaka 2014 umeweka nafasi ya tayamamu kwa maiti wa Kiislamu kwa mikono ya waliofunzwa. Nawasihi masheikh walizungumze jambo hilo sasa, tukiwa na utulivu. Likija usiku wa msiba, jeneza likiwa mlangoni na ndugu wakilia, hakuna atakayesikiliza.

Nimeulizwa pia hospitali yenu hapa inahitaji nini. Nimeitembelea leo asubuhi. Wana mashine mbili za oksijeni, moja imeharibika kwa sababu vichujio vyake havikubadilishwa, na kichujio hakigharimu hata bei ya kuku wawili. Jenereta lipo, betri yake imekufa. Benchi la mapokezi ni lile lile moja. Jokofu la damu linafanya kazi, na muuguzi mkuu ameniambia yuko tayari kupokea watoaji damu Jumatatu na Alhamisi kuanzia saa mbili asubuhi. Aliye na umri wa miaka 18 na kuendelea, mwenye afya, aje akiwa amekula. Anayefunga Jumatatu na Alhamisi amwambie, atampangia siku nyingine.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.